Kundi la Damu la Shemeji

Shemeji yangu anaitwa Sponji na mtaa mzima, hata na wateja wanaomletea makochi yaliyobonyea katikati. Ni fundi makochi. Ukimkuta kazini utaona kwanza miguu, maana mwili wote umezama ndani ya fremu akikaza mikanda ya mpira, na kutoka humo ndani inasikika sauti ikiimba nyimbo za harusi, vibaya sana. Nyusi zake zina vumbi la pamba mwaka mzima. Siku Dada alipomleta nyumbani kumtambulisha, mama yetu alimpangusa mabega kabla hata ya kumpa mkono, kisha akaniita jikoni na kuninong'oneza, "Huyu kijana analala ndani ya godoro?"

Nampenda shemeji yangu. Nalisema mapema ili nikianza kumsema, mtu asinielewe vibaya.

Dada ndiye anayeshona vitambaa vya makochi hayo. Karakana yao ni chumba kirefu mbele ya nyumba: cherehani ya Dada iko dirishani, meza ya kukatia iko katikati, na kule nyuma ndiko kwa Sponji, sponji zimepangwa mpaka darini. Wanafanya kazi pamoja tangu waoane, na sijawahi kumsikia Dada akimsifu. "Mguu huu mbona mfupi?" "Huo ni msumari au kijiti cha meno?" "Utamaliza leo, au tumwambie mteja aendelee kukaa chini?" Sponji hucheka tu na kuendelea kuimba. Dada yangu mdomo wake hauna breki, na mumewe ana masikio ya kuchagua. Nadhani hiyo ndiyo siri ya ndoa yao.

Shida ya Sponji ni kifua. Vumbi la miaka yote hiyo limemwingia, na mwaka mmoja kabla ya haya ninayosimulia aliugua homa ya mapafu akalazwa. Siku ya kumruhusu, daktari alimwambia mbele yetu, bila kupindisha maneno, kwamba mafua makali yakimpata tena, safari ile huenda asirudi. Sponji alitania njia nzima mpaka nyumbani. Ila tangu siku hiyo mtu akipiga chafya barabarani, Dada anafunga dirisha.

Kisha yakaja mafua ya kirusi kipya, yale mabaya, yakawa yanaangusha watu nyumba hadi nyumba. Mchana mmoja nilikuwa karakana namsubiri Dada anipunguzie gauni, na redioni daktari mmoja akawa anaulizwa kuhusu makundi ya damu. Akasema wapo watafiti walioona kwamba watu wa kundi O huambukizwa mara chache kidogo kuliko wenzao. Hapo hapo Dada akakanyaga cherehani, na kelele zake zikameza yaliyofuata. Mimi niliyekaa karibu na redio niliyasikia: kwamba tofauti yenyewe ni ndogo, kwamba watafiti wengine hawakuiona kabisa, kwamba hakuna damu iliyo kinga, na kwamba mtu anawe mikono, afungue madirisha, na akiumwa akae kwake. Nilipomweleza Dada maneno hayo, akanikata.

"Hayo mengine wanasema kila siku. Wewe ni kundi gani?"

"O," nikajibu, domo langu likinitangulia kama kawaida.

Najua kundi langu kwa sababu huchangia damu kila gari lao linapopita, na sitaficha, naifuata soda na biskuti. Ningejua yatakayonipata, ningesema sijui. Kuanzia kesho yake nikawa mjumbe wa nyumba ile. Sokoni, "nenda wewe, wewe O." Kwa fundi wa mbao, wewe O. Kumpelekea mteja kochi lake, kaa kwenye mkokoteni ulishike, wewe O. Mimi ni msusi, na saluni wakati ule haikuwa na kichwa hata kimoja, kwa hiyo kisingizio sikuwa nacho. Sponji yeye hakuulizwa kundi lake.

"Huyo hata angekuwa na damu ya chuma, hatoki," Dada alisema, na mambo yakaishia hapo.

Kitu kimoja tu hakuniamini nacho, nacho ni kuchagua kitambaa. Niliwahi kumletea kimoja akasema kina rangi ya mgonjwa wa manjano. Basi, mteja alipotaka seti nzima ya kijani, Dada mwenyewe, ambaye ni kundi B na alikuwa akitutangazia hivyo kutwa, alijifunga kilemba akaenda kubanana na watu kwenye duka la vitambaa. Alirudi na kijani kizuri kweli. Alirudi na kirusi pia.

Alipohisi homa ya kwanza hakumwambia mtu. Aliingia chumbani, akajifungia kwa ufunguo, na kutoka ndani akaanza kutoa amri. Sponji alale karakana, kwenye kochi la mteja, atandike shuka kwanza. Asikaribie korido. Watoto waliokwenda kwa bibi yao wabaki huko huko. Chai na supu nilete mimi mdogo wake, niweke mlangoni, niondoke, na kama ni lazima mtu aingie, niingie mimi, mimi ni O.

Niliingia. Nilivaa barakoa, nikafungua dirisha, nikamfuta jasho. Lakini Dada akiumwa ni mtu wa kukupa presha: hali, hanywi, anageukia ukutani. Supu nikaipeleka ya moto, nikairudisha ya baridi. Siku zilivyokwenda sauti ya amri ikapungua, na siku moja mchana nikakuta hajanitukana kabisa. Nilitoka, akafunga mlango nyuma yangu kwa kujivuta, nami nikamkuta Sponji amesimama koridoni alikokatazwa, amevaa barakoa mbili, na mikono inanuka sabuni.

"Shemeji, rudi," nikamwambia. "Unajua kifua chako."

Sponji akagonga mlango.

"Nani?" sauti ya Dada ikatoka nyembamba.

"Mimi. Nifungulie."

"Una wazimu? Nenda."

"Mama watoto, mimi ni O."

Nilimkazia macho. Sponji ni mtu ambaye akidanganya, hata mteja wa siku ya kwanza anajua, maana masikio yanamcheza. Masikio yalikuwa yanamcheza. Akajiwekea kidole mdomoni kuninyamazisha, akaniangalia kwa macho ya kuomba mpaka nikaona aibu mimi.

"Tangu lini?" Dada akauliza.

"Tangu kuzaliwa. Kuna mtu huwa anabadilishiwa?"

Nilisubiri tusi. Badala yake nikasikia kitanda kikilia, miguu ikiburuzwa, na ufunguo ukizunguka. Dada aliyefunga dirisha kwa ajili ya chafya ya mpita njia, alifungua. Sponji akaingia na bakuli la supu, nami nikabaki koridoni nimeshika kichwa.

Alikaa naye mchana kutwa, kiti chake kando ya dirisha lililo wazi. Alimlisha kijiko kwa kijiko, na akikataa, anamwimbia mpaka akubali ili anyamaze. Nilikuwa nikipita na kuchungulia. Siku moja nilimkuta Dada amelala na mkono wake umeshika upindo wa shati la mumewe, kama mtoto anayeogopa kuachwa, na Sponji amejikunja vibaya kitini ili shati lisivutike. Siku iliyofuata Dada akasema zile nyimbo anazikosea maneno. Nikajua amepona.

Mimi nikafuata kuugua, na O yangu yote. Mafua yalinilaza kidogo tu, yakapita. Nikiwa bado na kamasi, Sponji akaanza kukohoa.

Kwake hayakupita. Kifua kilimbana mpaka hawezi kumaliza sentensi, tukamkimbiza hospitali, wakamlaza na kumwekea oksijeni. Daktari alikuwa yule yule. Alipotuona alivua miwani tu, akaifuta, akasema tumwachie Mungu na dawa. Dada hakutoka pale kitandani. Kila nesi aliyepita alikosolewa: shuka halijanyooka, mto uko chini, kipimo hiki cha kidoleni hakijalegea kweli? Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia, kwa sababu ule mlango niliuona ukifunguliwa.

Asubuhi moja Sponji aliisogeza barakoa ya oksijeni kwa kidole.

"Mama watoto," akasema kwa kukatakata. "Nilikudanganya. Mimi si O."

Dada alikuwa akikunja blanketi miguuni pake. Hakuinua kichwa.

"Najua. Wewe ni B."

Sponji alitoa macho. Mimi pia.

"Nilipomzaa mwanetu wa kwanza damu ikanimwagika, ni nani waliyemlaza kwenye benchi wakamtoa damu?" Dada akasema. "Mfuko wako ulining'inia juu ya kichwa changu asubuhi nzima. Wameandika B, kubwa kama sahani. Niliutazama mpaka tone la mwisho. Damu yako nimetembea nayo miaka yote hii, leo uje kunisimulia kuhusu O?"

"Sasa," Sponji akavuta pumzi, "mbona ulinifungulia?"

Dada aliendelea kulikunja blanketi lililokwisha kukunjwa. Halafu akaliacha, akakaa kitandani, na uso wake ukakunjamana mbele yetu.

"Niliogopa," akasema. "Nilidhani nakufa, nikaogopa kufa sikuoni. Nilijua kifua chako, nilikumbuka kila neno la daktari, na bado nikafungua. Nilikutaka wewe. Sikutaka supu ya mtu, wala O ya mtu. Sasa ukifa nimekuua mimi."

Akalia kwa sauti, Dada yangu, wodini, mbele ya wagonjwa na wageni wao. Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Sponji alinyoosha mkono wake, wenye kipimo kidoleni, akapapasa nao mpaka ukafika magotini kwa mkewe.

"Siku nyingine," akasema, "usinicheleweshe mlangoni."

Nesi alimrudishia barakoa yake, akatuambia mgonjwa apumzike, tutoke wote wawili. Mimi nilitoka. Dada aligoma. Alitoka wiki iliyofuata, pamoja na Sponji, amemshika mkono kutoka wodini mpaka getini, anatembea polepole kwa kasi ya pumzi za mumewe, na kila aliyetaka kupita akamwambia azunguke.