Moto Uliokausha Nyumba Yangu

Watu husema kurudi nyumbani ni raha. Hao hawakuwahi kufunga mizigo na mume wangu.

Tulikaa Uganda miaka mingi, karibu na Jinja, kwenye landhi, vyumba vya wafanyakazi wa kiwanda cha kuchambua pamba. Yeye alilisha mashine; jioni alirudi akiwa mweupe nyusi na masikio, akikohoa. Mimi nililima kipande cha nyuma, nikauza ndizi, nikazaa mabinti watatu. Mtoto wa kiume sikupata, na sikujua kwamba hilo ni kosa mpaka nilipoanza kuambiwa. Likizo alikuwa akienda kwao Bungoma peke yake, maana nauli ya jamaa nzima ilikuwa mzigo, na kila akirudi aliniletea salamu za mama yake na swali lile lile: bado?

Miaka ya hamsini ilipoanza, kiwanda kilileta mashine mpya. Wanaume wengi wakaambiwa kwamba msimu wa pamba ukiisha warudi makwao. Wenzangu pale landhi walilia. Mimi nilifurahi kama mjinga, kwa sababu tangu niolewe sikuwahi kuwa na nyumba. Nilipoletwa kwao nilipikia jikoni kwa mama mkwe kwa muda mfupi, kisha nikamfuata mume Uganda, na chumba cha landhi si nyumba. Unaamka na king'ora cha mtu mwingine na unafukuzwa na barua ya mtu mwingine.

Kwetu nyumba mpya haiwi nyumba kwa sababu ina mlango. Inakuwa nyumba siku mama mkwe anapopanda mafiga matatu na mke akawasha moto wa kwanza. Aliyewasha moto huo ndiye mwenye nyumba. Awe mvivu, awe na mdomo mchafu, nyumba ni yake mpaka afe. Ndiyo maana hata wajenzi huvutia tumbaku yao nje.

Basi mume wangu akaomba ruhusa atangulie kujenga, halafu arudi kutuchukua. Jioni moja kabla hajaondoka alikaa kitandani akisugua miguu, akaniuliza nani atawapikia watu wa kukandika. Mama yake alikuwa amezeeka, macho hayaoni vizuri.

"Si mke wa ndugu yako yuko," nikamwambia.

"Yule ana mdomo. Atatangaza mpaka unga tuliobakisha."

"Basi mjane wa pale jirani."

"Ati mjane? Watu watasema nini, mama watoto?"

Nikataja wengine. Huyu mchoyo, huyu mchafu, yule anaiba sukari. Nikafikiri, nikaona nimepata dawa. Mdogo wangu wa mwisho, niliyembeba mgongoni mimi mwenyewe, alikuwa amemkimbia mume mlevi na kurudi kwa mama yetu, aliyekuwa skwota, kibarua mwenye kipande cha kulima, katika shamba la mzungu kule Kitale. Alikuwa na mikono myepesi ya kupika na hana maneno mengi. Nikasema, mchukue mdogo wangu. Mume wangu akasema, "Kama wewe umeona hivyo."

Nilimpa masharti. Mdogo wangu apikie jikoni kwa mama mkwe au nje chini ya upenu, ndani ya nyumba yangu asiingie hata na kijinga cha moto. Akaitikia. Akaenda.

Alipokuwa huko mimi nilijitayarisha kama bibi harusi. Niliuza kitanda na kabati kwa jirani yangu Msoga. Nilisuka mikeka miwili mipya, mmoja wa chumbani na mmoja wa wageni, maana sasa ningekuwa na wageni. Nilichimbua machipukizi ya ndizi za kule, zile laini za kupikwa, nikayafunga kwa magunia yenye maji ili yafike yakiwa hai. Mabinti wangu nikawafundisha majina ya shangazi zao, kwa sababu kila mtoto wa landhi huitwa mgeni mpaka ajue nani ni nani. Jirani yangu alikuwa akinitazama tu. Siku moja aliniambia nyumba haijengwi mwenyewe akiwa mbali. Nikacheka, nikamwambia ana wivu wa kubaki.

Mvua ya masika ilishika mapema mwaka ule. Ilinyesha Jinja, na waliotoka upande wa Bungoma walisema huko ni matope tupu, hata baiskeli zinabebwa. Nilihuzunika. Udongo wa ukuta ukipigwa na unyevu haukauki, unaota ukungu na kudondoka. Nilijua tutafika nyumba ikiwa bado mbichi, tungoje jua kwa mama mkwe. Nilikuwa tayari kungoja. Nilikuwa nimengoja tangu usichana.

Mume wangu akarudi amenenepa. Nilimwekea chakula, mabinti wakakaa kumsikiliza. Alisema nyumba ni kubwa, ina vyumba vitatu na dirisha la mbao.

"Na kuta? Mmezifunika na nini?"

"Zimekauka."

"Na mvua hii?"

Akaendelea kula. "Si tuliwasha moto. Ungetaka zioze?"

"Mliwasha ndani?"

"Sasa moto wa kukausha ukuta unawashwa wapi, mama watoto?"

Nikawaambia mabinti watoke nje. Nikamuuliza aliyewasha ni nani. Alinawa mikono yake taratibu, kidole kimoja kimoja, akasema, "Si ni yule uliniletea mwenyewe."

Kikulacho ki nguoni mwako, lakini mimi nilikuwa nimeishona hiyo nguo. Hasira niliyokuwa nayo ilikuwa juu yangu kuliko juu yake. Nilijiita mpumbavu kwa lugha zote nilizojua, hata Kisoga. Jirani akaniambia nibaki, angenipa pa kulala. Nibaki na mabinti watatu, nile nini, niitwe nani? Landhi ilikuwa ya kiwanda na siku zetu zilikuwa zimekwisha. Nikarudi kufunga mizigo. Mtu anaweza kukunja mkeka huku akitaka kuuchoma.

Tulishuka kwenye stesheni ya Bungoma mchana na tukatembea. Nyumba ilikuwa nzuri, siwezi kudanganya. Mdogo wangu alitoka mlangoni akifuta mikono kwenye leso, akasema, "Karibu, dada. Karibuni ndani." Alinikaribisha kwangu. Ndani mafiga yalikuwa yamepandwa, meusi tayari, na mama mkwe akakwepa macho yangu kwa macho yake yasiyoona vizuri. Nikawapeleka mabinti kulala jikoni kwa bibi yao.

Lakini sikuwa nimemaliza. Kwetu mwanamke hawi mke kwa kupika tu. Kama hakuna ng'ombe aliyekwenda kwa mama yetu, na mama akaja kumchukua binti yake, basi moto ule ungehesabiwa moto wa mpishi. Mafiga yangeng'olewa na kupandwa upya, nami ningewasha wangu. Mama peke yake ndiye angeweza, na mama alikuwa wangu pia. Asubuhi nikapanda lori la mahindi kwenda Kitale.

Nilimkuta mama nyuma ya kibanda chake, upande wa Kibomet, ambapo shamba la yule mzungu lilipakana na njia. Alinikumbatia, akalia, akasema nimekonda. Nikamweleza yote: wajenzi, mvua, moto, mafiga. Alisikiliza akitikisa kichwa, akanikalisha, akanipa chai. Nikamwomba tuondoke naye kesho yake. Nilimwambia kwamba kosa ni langu, ni mimi niliyemtaja mdogo wangu, na sina ubaya naye, arudi tu hapa kwa mama.

Mama akanisogezea kikombe. Nikanywa chai. Nilikuwa na njaa ya safari, na chai ilikuwa nzito, yenye maziwa mengi. Nilikuwa nimefika nusu ya kikombe nilipokumbuka kwamba mama hakuwa na maziwa. Mzungu aliwaondolea maskwota mifugo, akawaachia wazee ruhusa ya ng'ombe mmoja mmoja, na mama hakuwa na wa kuachiwa. Kwake chai ilikuwa ya rangi siku zote.

"Mama, ng'ombe ni wa nani?"

"Ni wangu." Alikuwa akichokoa moto. "Mkwe alimleta wakati wa Krismasi."

Wakati wa Krismasi mume wangu alikuwa likizo. Barua ya kiwanda ilikuwa haijaja. Nyumba haikuwa na hata shimo la nguzo, na hakuna aliyekuwa ameniuliza nani atawapikia wajenzi.

"Hukuzaa mvulana," mama akasema kwa upole. "Ningefanya nini? Afadhali ni damu yetu kuliko mtu wa nje. Kunywa, mama, inapoa."

Nikatazama kikombe. Nilikuwa nimekunywa mahari ya mdogo wangu mpaka nusu, na mama alikuwa ameinua birika aniongeze.