Mama Pindo na Kidole Kimoja cha Mshono

Wateja walimwita Mama Pindo kwa sababu pindo alilolishona halikufumuka hata nguo ikichakaa. Alikuwa na miaka ishirini na mbili kwenye cherehani, kwenye chumba kimoja kinachotazama barabara. Halafu siku moja akakata vibaya kitambaa cha bibi harusi, na kingine kama hicho hakikupatikana. Yule dada alilia mbele ya watu wote.

Tangu hapo, kila akishika mkasi wazo lilimjia: nitaharibu. Akaanza kuacha nafasi ya mshono, kile kitambaa cha ziada kinachobaki ndani, vidole vitatu badala ya kimoja, eti kwa usalama, kisha akaogopa kuibana nguo. Matokeo yake, jamani, watu wakawa wanatoka pale wamevaa magunia. Wateja wakapungua. Na binti yake, aliyebakiza miezi miwili aolewe, akamwambia kwa upole, "Mama, usijisumbue. Gauni nitanunua la dukani."

Hilo ndilo lililomchoma. Gauni hilo alikuwa amemwahidi tangu mtoto ana miaka sita.

Muuguzi mmoja, mteja wa zamani, akampeleka kwa mshauri wa saikolojia. Mama Pindo alienda shingo upande, akidhani ataambiwa kichwa kimeharibika. Akamkuta mwanamke wa makamo, kifungo cha koti lake kinaning'inia kwa uzi mmoja.

"Umeshona nguo ngapi maishani?" mshauri akauliza.

"Nani atazihesabu, dada yangu? Elfu kadhaa."

"Ulizoharibu?"

Akafikiri. "Ile moja. Na suruali mbili, nikiwa najifunza."

"Basi hilo wazo lako kwamba utaharibu tulipime kwanza, kama unavyompima mteja, kabla ya kuliamini."

Hakupewa kidonge. Alipewa daftari: huku aandike wazo, kule aandike ushahidi. Na kazi ya nyumbani: akate tambara, kisha foronya, kisha sketi ya jirani, kila mara kidole kimoja tu, aandike alichoogopa na kilichotokea. Wiki ya kwanza alipima tambara mara tano kabla ya kulikata. Lakini sketi ilimkaa jirani sawasawa, na jirani huyo, mdomo wake tunaujua, akaitangaza mtaa mzima.

Wiki ya saba akakata gauni la binti. Siku ya kulijaribu, zipu ikagoma kiunoni. Wazo likaja mbio: unaona, umeharibu tena. Mama Pindo akalisikia, akaliacha lipite, akapima.

"Limebana nusu kidole," akasema. "Ndani kuna kidole kizima. Vua."

Akafumua, akashona, chai yake haijapoa. Zipu ikapanda. Binti alijitazama kwenye kioo, kisha akamkumbatia mama yake, pini zikiwa bado mdomoni mwa mama.

Kesho yake Mama Pindo alikwenda kwa mshauri na sindano na uzi wa rangi ya koti.

"Leo daftari nimeliacha nyumbani," akasema. "Nipe hilo koti, dada yangu. Hicho kifungo kimenisumbua tangu siku ya kwanza."