Mkanda wa Mama Mkwe

Ukifika Kawangware 46 ukamuulizia Walubengo, watu watakuuliza yupi, yule wa mageti au yule wa milima? Ni huyo huyo mmoja. Siku za kazi huchomelea mageti kando ya barabara, macho mekundu, shati limejaa matundu ya cheche. Jumamosi huvaa helmeti na kuwapandisha watu kwenye mwamba mmoja upande wa Machakos, palipopigiliwa vidato vya chuma toka chini hadi juu, na kebo nene ikipita kando yake. Kila mpandaji huvaa mkanda wa kiunoni na mapajani, wenye kamba mbili fupi za kushikizwa kwenye kebo. Mguu ukiteleza, unaning'inia, unapiga mayowe, unachekwa, unaendelea. Hiyo ni kama mkanda umekaza.

Ndiyo maana mwongozaji ana sheria moja isiyo na mjadala: kabla mtu hajakanyaga kidato cha kwanza, anaushika mkanda wake na kuuvuta kwa mikono yake mwenyewe. Awe nani awe nani. Walubengo aliwahi kuuvuta mkanda wa askofu mpaka askofu akasimama kwa vidole vya miguu.

Sasa, akina mama wa kanisa moja la Lindi, kule Kibera, walikuwa wamechoshwa na matembezi ya kukaa kwenye nyasi na kula chapati. Mwaka huu wakasema ni mlima. Na miongoni mwao alikuwemo Nanyama, muuza mboga, mama mzazi wa Nelima, mke wa Walubengo.

Asiye Mbukusu aelezwe hapa. Mtu na mama mkwe wake hawashikani mikono, hawaketi pamoja, na wakikutana njiani kila mmoja hutafuta ukingo wake. Wapo wanaosema mambo hayo yaliisha zamani. Labda yaliisha kwao. Walubengo hakuwahi kumgusa Nanyama hata kwa kidole tangu aoe, na alijivunia hilo.

"Mwambie mama abaki chini na wapishi," alimsihi mkewe.

"Mwambie wewe," Nelima akajibu, akijua fika kwamba hawezi.

Siku ikafika. Nanyama alivaa suruali kama walivyoagizwa, lakini suruali mbele ya mkwe ni aibu, kwa hiyo akajifunga leso juu yake, kisha mkanda juu ya leso. Kitambaa kikajikunja, kikawa kinene kiunoni. Walubengo alipita akivuta mikanda, mmoja baada ya mwingine, na akina mama wakawa wanasukumana na kucheka, wakingoja kuona atafanyaje. Alipomfikia Nanyama alirudisha mikono nyuma, akauliza huku ametazama mawe:

"Mama, umefunga vizuri?"

"Nimefunga, baba."

Mwenzake, Osewe, alikuwa ametangulia juu na kundi la kwanza. "Buda, umecheki wote?" akaita.

"Wote!" Walubengo akajibu.

Kumwita Osewe ashuke amkague huyo mmoja lingekuwa jambo la muda mfupi tu. Wanawake wangecheka, basi, yangeisha. Lakini aliogopa kuchekwa, na woga huo akauita heshima.

Katikati ya mwamba mguu wa Nanyama ulikosa kidato. Leso ikachomoka, mkanda ukapwaya, ukapanda kutoka kiunoni hadi makwapani na kumbana mbavu. Akaning'inia mikono juu, akichopoka kidogo kidogo. Hakupiga kelele. Walubengo alimfikia bila kujua alivyopanda, akamkumbatia, akambana kwenye mwamba kwa kifua chake mpaka Osewe akaja na kamba. Aliusikia moyo wa yule mama ukigonga, na harufu ya sabuni ya kipande shingoni mwake.

Mbavu zilivunjika, bega likateguka. Kibanda cha mboga kikafungwa.

Na mtaani habari ikawa ni ule mkumbatio tu! "Niaje, bwana ya mama mkwe!" vijana walimpigia kelele kule 46. Mjomba wa Nelima alipiga simu kutoka Bungoma, akaamuru mkwe apeleke blanketi na kuku, aibu iondoke. Habari za mkanda hakuna aliyeuliza. Osewe mwenyewe alidhani ni mkanda mbovu. Walubengo alikula kidogo, akalala kidogo, akachomelea geti la mtu kinyumenyume, na kila mahali alijisikia akisema "Wote!"

Wakaenda Lindi, yeye na Nelima, na blanketi na kuku. Chumba ni kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Nanyama amelala nyuma yake, mkwe amekaa kwenye stuli karibu na mlango. Zawadi zikapokewa. Nelima akatoka kuteka maji.

"Imeisha, baba," sauti ikasema nyuma ya pazia. "Ulinishika kwa sababu ya shida. Nimesamehe."

 Walubengo angeweza kunyamaza, akarudi nyumbani mtu safi.

"Mama, sikuja kwa hilo. Ule mkanda sikuukagua. Nilikagua wa wengine wote, wako nikauacha. Halafu nikadanganya. Hizo mbavu ni mimi niliyezivunja."

 Kuku alikwaruza chini ya meza. Nanyama alijaribu kugeuka, akaguna kwa maumivu, na kila mguno Walubengo aliupokea kama fimbo. Alitamani atukanwe. Alitamani afukuzwe mbele ya majirani.

"Niliona," Nanyama akasema mwishowe. "Niliona ukirudisha mikono nyuma. Nilikuwa najua mkanda umelegea, lakini nikasema, heri nianguke kuliko kuaibisha mtoto wa watu. Hata niliwaambia akina mama hapa: mnaona vile huyu kijana amelelewa?"

"Mama, ungekufa."

"Na sikukufa." Sauti yake ilikuwa na furaha, furaha kabisa. "Sasa wanataka kurudi Desemba, na mama zao wazee, na wakwe zao. Nimewaambia wasitafute mtu mwingine, wakutafute wewe. Wewe una heshima. Hao wengine wanashikashika watu."