Siku Nilipotolewa Chumba cha Wagonjwa Mahututi

Kuna asubuhi moja, mwanangu, ambayo mpaka leo naikumbuka kama ya jana. Nilikuwa na umri kama wako, nimevaa blauzi nyeupe, lile koti letu la kazi, niliyoipiga pasi mwenyewe, na nilikuwa katika mafunzo haya haya unayoyaanza wewe Jumatatu: mafunzo ya juu ya wauguzi wa wagonjwa mahututi, ambayo sisi hapa Kisangani tunayaita kwa Kifaransa, réanimation.

Tulikuwa kundi dogo, wote wauguzi tayari. Mmoja alitoka Isangi, mwingine Bafwasende, na mimi nilikuwa mtoto wa hapa hapa. Mwalimu wetu alikuwa Papa Anselme, muuguzi mkuu wa chumba cha wagonjwa hao hospitalini, mtu mrefu, mkimya, asiyepandisha sauti hata akikasirika. Alitufundisha kuangalia kifua cha mgonjwa kabla ya kuangalia mashine. Alitufundisha kuvuta makohozi kwenye mpira wa kupumulia bila kumkwangua mtu koo. Nilikuwa nafanya vizuri. Nasema hivyo si kwa kujisifu, bali ili uelewe kwa nini kilichofuata kiliniuma.

Asubuhi hiyo wakaingiza mgonjwa kwenye machela. Meno yamefungana, shingo imekaza, mgongo umejikunja kama upinde. Ilikuwa pepopunda. Nilipomsogelea nikaona ni Tonton Bosco, mdogo wa mama yangu, mvuvi wa pale kwenye maporomoko ya Wagenia. Ndiye aliyenilea baada ya baba kufariki. Siku chache nyuma alikuwa amekanyaga msumari uliochomoza kwenye mtumbwi wake, akaosha kidonda kwa maji ya mto, akarudi kwenye mitego yake ya samaki kama kawaida.

Nikakimbilia glavu. Papa Anselme akanishika kiwiko.

“Ni nani yako?”

“Ni tonton yangu, papa.”

“Bon. Vua blauzi. Enda ukae na famille.”

“Papa, mimi kazi naijua. Niache nimusaidie.”

“Najua unaijua. Lakini leo hauko muuguzi wake, uko mutoto wake. Kuna vitu hapa vya kufanya vyenye kuumiza, na mikono yako itaogopa. Toka.”

Alisema mbele ya wenzangu wote. Nikatoka nimekunja blauzi kwapani, hasira imenijaa mpaka masikioni.

Nje kulikuwa na benchi la mbao, na juu yake walikaa Tantine Odette, mke wa tonton, na dada zake wawili waliokuja naye. Nilikuwa nimepita mbele ya benchi hilo kila siku tangu mafunzo yaanze, lakini sikuwahi kulikalia. Mwanangu, mtu aliyesimama ndani hajui mlango ule unavyoonekana kutoka nje. Kila ulipofunguka, sote tulisimama. Akitoka mtu na ndoo, tunasimama. Akitoka mtu na shuka chafu, tunasimama, kisha tunakaa tena bila kuangaliana.

Baada ya muda mrefu akatoka Fidèle, mwanafunzi mwenzangu. Tantine akamshika mkono. “Mutoto yangu, bwana yangu iko hai?”

“Tunafanya tunachoweza, mama,” alisema Fidèle, akaenda zake upande wa duka la dawa.

Sote kwenye kundi letu tulikuwa tunayasema maneno hayo. Ndani yanasikika kama maneno ya heshima. Kwenye benchi nilimwona tantine akiyapokea kama habari ya msiba. Na mlango ulikuwa haujafungwa vizuri. Kwa upenyo ule akaona chumba kilivyo: blanketi zimetundikwa madirishani, taa imezimwa, mumewe amelala kwenye kiza na mpira mdomoni.

“Wamemuweka mu giza!” akasema. “Mutu akiwa hai hawamuweke mu giza!”

“Tantine, ni ugonjwa wenyewe unataka hivyo,” nikaanza.

“Wewe nyamaza. Wewe iko mutu wao.”

Ndani walinitoa kwa sababu mimi ni wa familia, na hapa nje familia ilinikataa kwa sababu mimi ni wa ndani.

Mchana akafika Papa Théo, kaka mkubwa wa tonton, pamoja na mchungaji wao na waimbaji. Habari ilikuwa imeshafika mtaani kwamba Bosco amekunjika mgongo na hasemi, na unajua watu wetu wakisikia hivyo wanaanza kutafuta jirani wa kumlaumu. Wakajipanga mlangoni, wakaanza kuimba kwa nguvu, na mmoja ana ngoma ndogo.

Nilijua kinachotokea upande wa pili wa ukuta. Mwenye pepopunda, kelele ya ghafla inamkaza mwili mzima, mwanga unamkaza, hata mkono unaomgusa bila kumwonya unamkaza, na mkazo mmoja ukizidi unakata pumzi. Nikasimama katikati yao nikisihi wanyamaze. Papa Théo hata hakuniangalia. “Wakimaliza kuomba, tunamutoa,” alisema. “Hawa wamemuacha. Tunamupeleka kwa maombi leo leo.”

Ndipo Papa Anselme akatoka. Nilidhani ataita walinzi. Nilitaka aite walinzi, nakwambia kweli. Yeye akaufunga mlango nyuma yake polepole, akaja akakaa kwenye benchi kando ya tantine kama mtu aliyekuja kumtembelea.

“Mama, jina lako nani?”

“Odette.”

“Na bwana, nyumbani unamuita nani?”

Tantine akasita. “Bosco. Papa ya batoto.”

Waimbaji wakapunguza sauti ili wasikie, kisha wakanyamaza kabisa.

“Alors, Mama Odette, sikia. Papa ya batoto iko hai. Ana ugonjwa uliopita kwenye kidonda cha muguu. Hakuna mutu alimutupia uchawi. Ugonjwa huu unakaza mwili, na kelele inauzidisha. Mwanga pia. Ndiyo maana tumefunga madirisha. Mulipoanza kuimba, alikazika mara mbili, na mara ya pili tulikaribia kumupoteza.”

Mchungaji akaweka mkono juu ya ngoma.

“Atapona?” akauliza Papa Théo.

“Sijui,” alisema Papa Anselme. “Wengine wanapona, wengine hapana. Kama anapona, itachukua majuma, si siku. Mukimutoa leo, hatafika kwenye lango. Hicho ndicho ninachojua. Nitarudi hapa kabla ya jua kushuka nikuambie amefikia wapi. Hata kama sina habari mupya, nitarudi.”

Akamchukua tantine, akamvua viatu, akaingia naye. Alinisimulia baadaye kwamba alimwonyesha jinsi ya kusema kwanza kwa sauti ya chini, “Ni mimi Odette,” ndipo amguse.

Tantine alipotoka, hakuwa tena mwanamke wa asubuhi. Akamwambia mchungaji, “Muombe, lakini kwa moyo.” Nao wakaenda kuomba uani, midomo inachezacheza bila sauti. Papa Théo akawekwa mwanzo wa korido kuzuia watu. Mfanyakazi wa usafi alipokuja na kigari kinacholia magurudumu, tantine alimfanya akibebe. Daktari mmoja mwenye viatu vya kugonga sakafu akaambiwa na tantine avivue, na akavivua.

Na Papa Anselme alirudi kabla ya jua kushuka. “Sina mupya, Mama Odette. Bado iko hai, bado mashine inamusaidia.” Tantine akashukuru, kisha akaomba sahani ya lituma, zile ndizi za kuponda, na samaki aliyoikataa tangu asubuhi.

Tonton alikaa mle majuma mengi. Alipona. Alitoka amekonda, mguu mmoja mgumu, na ile mitego mikubwa ya katikati ya maporomoko akawaachia wanawe. Siku moja nyumbani aliniambia kitu nilichokuwa nimekisoma tu darasani: ufahamu haukumtoka. Isipokuwa dawa ilipomzamisha, alikuwa akisikia. Alisikia mtu amesimama kitandani kwake akisema, “Huyu hatafika Jumapili.”

“Nilitaka kumujibu,” alisema tonton, “lakini meno yalikataa.”

Nilipomuuliza Papa Anselme kama ile siku alikuwa ananiadhibu, alishangaa. “Ningekuacha ndani ungejifunza dawa,” alisema. “Dawa ulikuwa unazijua.”

Basi mwanangu, Jumatatu utaanza, na watakujaza kichwa mashine na vipimo. Jifunze vyote, usibakize kimoja, maana bila hivyo Tonton Bosco asingekuwa hai hata aje kunisimulia. Lakini usiseme kando ya kitanda neno ambalo usingemwambia mgonjwa machoni. Mwite jina kabla ya kumgusa, hata kama unadhani hasikii. Na kila zamu, utoke ukakae kwenye benchi. Usisimame, kaa. Waambie unachojua, waambie usichokijua, waambie utarudi lini, kisha urudi, hasa siku ambayo huna jipya. Wakikuletea kelele, tafuta kwanza kama kuna aliyewaambia kwa nini wanyamaze. Na siku damu yako ikilazwa mle ndani, ukiambiwa utoke, toka.

Mungu akupe mikono isiyotetemeka na ulimi usiodanganya. Wanaoletwa kwako wakiwa hawawezi kusema, wakukute mpole. Wengi wao warudi makwao kwa miguu yao, na wale wasiorudi, watu wao wakukumbuke kwa wema. Enda na amani, mwanangu.