Mashine Isiyoomba Maji

Mkwe wangu ameivika mashine yake ya kukandia unga kitambaa cha maua, anaitoa sikukuu tu. Nilimnunulia mimi, mtu niliyeishia darasa la tatu. Nikamwambia, "Ikandie chapati, maandazi, ipigie na mayai. Chombo cha kazi hakivikwi nguo." Akacheka. Hajui ya kwanza niliiona wapi.

Ilikuwa Newala, kwa Mama Zuhura, mke wa mwenye duka. Mama yangu alimkandia unga wa maandazi kila siku, na tulikula kwa kazi hiyo. Tukirudi nyumbani alinipa vidole vyake nilambe unga ulioganda. Mchana ule tulikuta jenereta linanguruma uani, harufu ya dizeli imeimeza ile ya hamira.

"Shikamoo, Mama Zuhura."

"Marahaba, Mama Saidi. Njoo umwone mwenzio."

Chuma kilizunguka bakulini, unga ukawa donge laini mama angali amesimama mlangoni.

"Huyu hachoki," alisema Mama Zuhura, "wala haombi maji ya kunywa." Kule juu kwetu maji tuliyapandisha kichwani kutoka bondeni.

Nikapiga makofi. Nilidhani mama kapata msaidizi, sasa atapumzika.

"Mwone mwanao! Kaelewa kabla yako."

Mama akaambiwa aoshe bakuli, akaliosha, tukaondoka. Njiani akanipa vidole kama kawaida, vina unga aliokwangua bakulini. Nikavilamba kwa raha, huku nikiisifu mashine.