Anaumwa Kidogo Tu

Natunga michezo ya mezani, na kwetu Tanga hiyo ni kazi isiyo na jina. Ukisema "mchezo" watu wanafikiria bao, karata au kamari, na mama yangu alichagua kamari. Nimechoka kueleza, lakini nitaeleza tena. Watu wanne watano wanakaa mezani. Mmoja anasimulia yanayotokea, wengine kila mmoja anajifanya mtu fulani na kusema atafanya nini, kisha dadu inaamua kama amefanikiwa. Hakuna anayeweka hela. Kuna chai na kashata.

Mchezo niliokuwa nautunga mwaka jana ulihusu mji wa baadaye ambamo mtu haruhusiwi kuwa maiti mpaka apigwe muhuri. Wachezaji wote ni marehemu. Wamepanga foleni kwenye dirisha la ofisi, na karani anawaambia mtandao haupo, waje kesho. Anayeoza kabla ya kuhudumiwa anatozwa faini ya kuchafua mazingira. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sikucheka. Mimi ni mtu wa wasiwasi, na wasiwasi wangu safari hiyo ulikuwa kwamba pengine wanacheka kwa sababu nasimulia mimi, na nisipokuwepo mchezo mzima utalala doro.

Kwa hiyo nilimwachia ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo, fundi simu pale Ngamiani, auongoze mwenyewe kwa kufuata nilichoandika. Nikapanda milimani Amani nisije nikashawishika kuchungulia. Huko nilikofikia msituni simu yangu haikushika mtandao, nami sikuhangaika kuutafuta.

Kulikuwa na sheria moja niliyoiona ya kuchekesha sana: mchezaji asiyehudhuria anahesabiwa amekufa mara ya pili, na kifo chake kitangazwe kwa lugha rasmi. Ndugu yangu ni mtu wa kufuata maelekezo, na mimi sikuwepo. Aliandika: "Kwa masikitiko makubwa tunatangaza kifo cha dada yetu mpendwa, kilichotokea huko Amani. Matanga yatakuwa nyumbani kwake." Kisha badala ya kulituma tangazo hilo kwenye kundi la wachezaji, akalituma kwenye kundi la ukoo.

Aligundua upesi akalifuta, na hapo ndipo alipoharibu kabisa. Tangazo la msiba likibaki, mtu atauliza. Likifutwa, kila mtu anajua limefutwa ili mama wa marehemu asilipate kabla hajaandaliwa. Akaona haitoshi, akaandika: "Jamani, dada mzima, hana neno." Kwetu hakuna maneno ya kutisha kuliko hayo. Mtu aliyefiwa haambiwi kwamba amefiwa. Anaambiwa fulani anaumwa kidogo tu, avae twende tukamwone.

Niliyajua hayo siku ya pili yake, Muheza, simu ilipoanza kutetemeka mfululizo nikiwa nyuma ya bodaboda. Nilimsimamisha kijana kando ya wauza machungwa, nikasoma rambirambi zangu. Mtu ambaye hajanisalimia tangu harusi yake alikuwa amejirekodi akilia. Chini kabisa kulikuwa na ujumbe wa ndugu yangu: mama ameshatoka kwake Moa, jirani yake anamleta.

Mama ana presha. Baba alipofariki walikwenda kumwambia mzee anaumwa kidogo tu, naye akaanguka mlangoni kabla hawajamaliza. Alilazwa, na mkono wake wa kushoto haujarudi sawasawa mpaka leo. Nilikuwa na hakika kwamba mara hii hatainuka, na kwamba mchezo wangu ndio utakaomuua. Nikampigia jirani aliyekuwa akimleta kwa gari.

"Mpe simu, tafadhali."

Nikamsikia akisema, "Mama, huyu hapa mwanao, mzima."

"Baba, miye mtu mzima," mama alimjibu jirani taratibu. "Msinifiche. Endesha gari."

"Mama, ni mimi!" nilipiga kelele, machungwa yote yakanigeukia na wenyewe.

"Na huyo mtoto wa watu mlomfundisha kusema, mwambieni asijisumbue."

Simu hakuishika. Nilipiga tena na tena, nikiambiwa kila mara kwamba bi mkubwa amekataa.

Nilifika Tanga wao wameshafika. Turubai lilikuwa limefungwa mbele ya nyumba yangu, wanaume wamekaa kwenye viti vya plastiki wakingoja maiti ishushwe kutoka Amani. Ndugu yangu alinidaka nyuma ya ukuta, macho mekundu.

"Dada, nimewaambia wote wewe mzima. Wananipa pole."

"Mama je?"

"Yumo chumbani. Hajalia. Hata maji hataki."

Nilisimama pale nikipiga hesabu. Nikiingia ghafla, nitamuua. Nikimtuma mtu amwandae, ataandaliwa kwa msiba ule ule. Kila njia niliyoifikiria iliishia kwa mama sakafuni. Ndani wanawake walikuwa wakisoma Yasini. Nikaliendea dirisha la chumba, nikaegemea ukuta ili asinione, nikasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu aliyetoka sokoni:

"Mama, shikamoo."

Kisomo kikakatika.

"Marahaba," alisema mama. Ilimtoka yenyewe, kabla hajafikiri. Nikangoja kusikia kishindo.

"Ingia," alisema. "Utangulize miguu."

Niliingia. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, hakunitazama usoni. Aliniamuru nivue viatu, akanikagua vidole kimoja kimoja, kisha visigino, kama nina kwato za jini. Aliporidhika alinipiga begani kwa mkono ule mzima, kofi la nguvu, na hapo ndipo akalia. Mimi pia nililia, kwa furaha na kwa aibu.

Wanawake walipotupisha, alivuta mfuko aliokuwa ameukalia, akanipa. Nilitoa kitambaa cheupe. Ilikuwa sanda yake, aliyoletewa kutoka Makka, imeoshwa kwa maji ya zamzam. Sisi wanawe hatukuwahi kuruhusiwa hata kuigusa.

"Nlikuletea weye," alisema. "Miye ningetafuta nyingine."

Niliikumbatia, ikakunjuka. Alijifuta macho kwa ncha ya kanga.

"Basi ikunje vizuri," akasema, "unirejeshee."