Siku Niliyomfanya Ng'ombe Kuwa Nukta

Nikisema sijawahi kuaibika maishani nitakuwa nimesema uongo, na mzee wa kanisa wa umri wangu hana tena muda wa kutubu uongo mdogo mdogo, kwa hiyo nakiri mapema: niliwahi kuangushwa chali na ng'ombe wangu mwenyewe, nikiwa ndani ya suti, siku ya Sikukuu ya Mavuno, mbele ya usharika mzima wa kwetu Kinyala na mbele ya mgeni aliyesafiri kutoka Dar es Salaam kuja kuamua kama nafaa kuitwa msomi. Wajukuu zangu wameusikia mkasa huu kwa watu wengine, tena umetiwa chumvi, basi wausikie na kwangu.

Ilikuwa miaka ya tisini mwanzoni, duka la ushirika limeshafungwa, na pale Kiwira barabarani kila mtu amekuwa mfanyabiashara, mitumba, redio, kamba za nailoni za kila rangi (kamba hizo tutazirudia). Mimi nilikuwa mwalimu wa hisabati wa sekondari, nimeshafika miaka hamsini, ndipo nikapata nafasi ya kusomea shahada ya uzamili, na wanafunzi wenzangu walikuwa wananiamkia shikamoo kwanza ndipo waniazime kalamu. Nilimshukuru Mungu kwa nafasi hiyo na bado namshukuru. Utafiti wangu ulihusu mistari iliyopinda na faida zake kwa mtu wa kawaida: upinde wa daraja, mnyororo unaoning'inia, njia linayopita jiwe lililorushwa, na sura ya nne, niliyoipenda kama mtu anavyompenda mtoto wake wa mwisho, ilihusu ng'ombe.

Nieleze kidogo, si jambo gumu. Ukimfunga ng'ombe kwenye kigingi kimoja, atakula majani kwa umbo la duara. Lakini viwanja vyetu Rungwe ni virefu na vyembamba, vimebanwa huku na migomba, huku na chai ya jirani, na ukimpa ng'ombe duara ataacha majani ya pembeni na kula chai ya watu. Mimi nikasema, piga vigingi viwili, funga kamba moja kutoka kigingi hiki hadi kile, iwe imelegea, kisha ipitishe kwenye pete iliyo shingoni mwa ng'ombe ili pete iteleze. Hapo ng'ombe atakula umbo refu kama yai lililonyooshwa, ndilo duaradufu, na ukijua urefu wa kamba na umbali wa vigingi unajua kabisa atafika wapi na hatafika wapi. Ukurasa wa kwanza wa sura hiyo niliandika kwa mkono wangu, bila kusukumwa na mtu: "Tuchukulie kwamba ng'ombe ni nukta."

Msimamizi wangu chuoni alikuwa mama mmoja mwembamba, mpole, umri wake sawa na binti yangu wa kwanza. Mimi nikimwita Daktari, yeye akiniita Mzee. Aliniandikia barua kwamba chuo kimeniongezea muda mara mbili na hakitaongeza mara ya tatu, kwamba atapita Tukuyu Jumapili moja tu na Jumatatu atapanda basi kurudi, na kwamba anataka kuona kwa macho ng'ombe wa kweli akila ndani ya mstari wangu. Akiuona, atasaini, asipouona, faili langu litafungwa. Niliisoma barua ile nikapiga magoti.

Ng'ombe wangu aliitwa Sekela. Alikuwa wa maziwa, wa mradi, na masharti ya mradi yalikuwa ng'ombe akae bandani maisha yake yote, aletewe majani yaliyokatwa, vigogo vya migomba na matembele, awekewe horini. Mtauliza, sasa nilimjaribuje kwenye kamba? Sikumjaribu. Nilijijaribu mwenyewe. Nilishika pete mkononi, nikazunguka kiwanja nikichora chini kwa fimbo, na duaradufu ikatoka safi kama ya kitabuni. Mke wangu alinitazama kutoka jikoni mpaka nikamaliza, halafu akauliza, "Baba Tumaini, nikuletee na matembele?"

Sasa Jumamosi mvua ikanyesha kama inavyojua kunyesha kwetu, kiwanja cha nyuma ya nyumba kikawa tope tupu, na hapo ndipo nilipofanya uamuzi mmoja mdogo uliozaa mengine yote. Nikasema, majani ya pale kanisani ni mazuri na maji yake hayatuami, watu watakuwepo, nitamfunga Sekela pale baada ya ibada. Na kana kwamba hiyo haitoshi, wakati wa matangazo nilisimama (mimi mzee wa kanisa, ambaye kila mwaka nawafundisha vijana unyenyekevu) nikatangaza kwamba leo mtaona hisabati, ng'ombe atakula karibu kabisa na meza ya mnada na hatagusa hata jani la mezani.

Meza ya mnada ndiyo hii: siku ya mavuno asiye na fedha hutoa alichovuna, mkungu wa ndizi, mahindi, magimbi, kuku, mayai, na baada ya ibada vyote huwekwa nje kwenye meza ndefu, vikauzwa kwa mnada, fedha zikaingia kanisani. Mwendesha mnada alikuwa mzee mwenzangu Ambakisye, mwenye sauti inayofika Tukuyu mjini bila kipaza sauti. Nilipima kwa futi. Mstari wangu uliishia futi moja kabla ya meza. Futi moja nzima! Daktari alisimama pembeni na daftari lake, viatu vyake vya mjini vikiwa na tope, akatikisa kichwa kwa kuridhika, nami nikamwachia Sekela.

Sekela hakula. Alisimama katikati ya majani mabichi yanayofika magotini, akayatazama kama sisi tunavyotazama zulia. Hakuwahi kuona majani yanayoota! Kwake yeye chakula ni kitu kinachokatwa, kinarundikwa, kinawekwa juu ya mbao. Akainua kichwa, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, na kule akaona hori refu kuliko yote aliyowahi kuona, limejaa kabichi na ndizi na matembele, na watu wengi wameuzunguka mlo huo kwa heshima, wanaimba.

Alitembea polepole, pete ikateleza kwenye kamba, kamba ikakaza, akasimama. Alisimama pale pale penye mstari wangu, wala hakuuvuka hata kidole, na kwa pumzi moja nilimshukuru Mungu na kumtazama Daktari. Kisha Sekela akanyoosha shingo.

Ndugu zangu, shingo ya ng'ombe ni ndefu. Nimeishi na ng'ombe tangu nazaliwa, nimechunga, nimekamua, mahari ya mama yangu ilikuwa ng'ombe, lakini siku ile ndiyo nilijua kwamba pete inakaa chini ya shingo na mdomo uko mbele kabisa, na mbele ya mdomo kuna ulimi. Akaichukua kabichi ya Bibi Subilaga, mjane aliyekuwa akikaa juu ya kilima peke yake, ambayo Ambakisye alikuwa ameiinua juu sekunde hiyo hiyo akiitangaza, akaitoa mkononi mwake taratibu kama anayepokea zawadi.

"Haya, Sekela amepandisha bei!" Ambakisye akapaza sauti. "Nani zaidi ya Sekela?"

Watu wakacheka, na mimi ningenyamaza mambo yangeishia hapo. Lakini nilikimbia. Nilikimbilia katikati, kati ya vigingi na ng'ombe, nikimpigia kelele arudi nyuma, naye kwa kushtuka alirudi kweli, ila alirudi na kitambaa cha meza kilichoshonwa na akina mama wa usharika, maana alikuwa ameishusha kabichi mezani kuitafuna, na pindo la kitambaa likaingia mdomoni pamoja nayo. Mayai yakashuka, ndizi zikashuka, jogoo mmoja akakata kamba akapita juu ya kofia ya mchungaji. Sekela alipoona jogoo akakata kona, na ile kamba ya nailoni ya Kiwira, nyekundu, niliyoisifu kwamba haivutiki wala haikatiki, ikafagia uwanja wote ikanikuta miguuni. Nilikwenda juu. Nikashuka kwa mgongo, kwenye mayai.

Sauti ya mtu nyuma ikasema, "Mwalimu, na wewe upo ndani ya mstari?"

Pale chini sikufikiria mgongo wala suti. Niliangalia mawingu yaliyoficha mlima nikafikiria faili langu linafungwa, miaka yote ile ya kusoma kwa taa ya chemli, na darasa la vijana wanaoniita baba. Nikaomba kimya kimya, Bwana, nipe uvumilivu wa kuinuka. Nilipoinuka nikamwona Daktari amepiga magoti kwenye matope mbele ya meza, futi ya chuma mkononi, anapima.

"Mzee," akaniita bila kucheka, "mshike huyo ng'ombe hapo hapo. Kutoka kwenye pete mpaka mdomoni ni kiasi gani?"

Nikamshika. Akapima shingo ya Sekela, ambaye bado alikuwa anatafuna kwa utulivu kamili, akaandika. Kisha akanigeukia.

"Umekosea, Mzee. Huyu si nukta."

"Nimeona, Daktari."

"Sikiliza. Ukiongeza urefu wa shingo nje ya duaradufu yako, pande zote sawasawa, unadhani utapata nini?"

"Duaradufu kubwa zaidi," nikasema.

"Hapana. Nenda kakokotoe. Haitakuwa duaradufu tena, utakuwa mstari mwingine kabisa, na mgumu kuliko ule wa kwanza." Akafunga daftari. "Sura ya nne siisaini. Nitawaandikia chuoni kwamba utafiti una jambo jipya na unastahili miezi sita. Safari hii andika juu ya ng'ombe, siyo juu ya nukta."

Nilitaka kumshukuru, lakini Bibi Subilaga alikuwa ameshafika na fimbo yake.

"Gwe Mwalimu," akasema, "kabichi yangu nilimtolea Mungu. Sikumtolea ng'ombe wako."

"Nitailipa, Bibi. Nisamehe."

"Mimi nimekusamehe. Lakini Mungu hajaipata. Umpelekee wewe."

Nilikokotoa. Daktari alisema kweli, mstari ule ulinitoa jasho miezi mitano, na nilipoupata nilikuwa nimejifunza mengi kuliko miaka miwili ya nyuma. Shahada niliipata, na siku ya kuipokea Ambakisye alinitumia salamu kwamba Sekela naye anauliza joho lake liko wapi. Mpaka leo wazee wachache waliobaki wananiita Mwalimu Nukta, nami naitika.

Tangu siku ile sijatangaza tena kanisani jambo ambalo sijalijaribu, na sijaandika tena "tuchukulie" bila kwenda kwanza bandani kuangalia. Bibi Subilaga alishalala katika Bwana miaka mingi iliyopita, lakini kila Sikukuu ya Mavuno napeleka kabichi mbili, moja yangu na moja yake. Kabla sijaziweka mezani natazama kama kuna ng'ombe karibu, na akiwepo, napima mpaka alipofungwa, halafu naongeza shingo.